Ndege wa Point Pelee na Watu Waliowaandika

Wasomaji wetu, kila mwaka masika yakaribiapo twawaona mbayuwayu wakikusanyika, kisha siku moja hawapo tena. Wamerudi kaskazini kujenga viota. Safari za namna hii ziko katika nchi nyingine pia, nasi leo twataka kusimulia habari za mahali ambapo kuwatazama ndege wapitao kulileta faida kubwa.

Katika Ziwa Erie, upande wa Kanada, imetokeza rasi nyembamba ya mchanga iitwayo Point Pelee, nayo ndiyo ncha ya kusini kabisa ya bara ya nchi ile. Theluji ikiisha, mwezi wa Aprili na Mei, ndege wadogo watokao Amerika ya Kati na ya Kusini hulivuka ziwa usiku. Kulipopambazuka huiona rasi, wakashuka wakiwa hoi, wapate kupumzika na kutafuta wadudu. Siku za upepo mbaya miti hujaa ndege, hata mtu aweza kuwakaribia sana.

Zamani wengi waliokwenda huko walichukua bunduki. Mwaka 1905 wapenzi wachache wa elimu ya ndege wakaunda chama, wakawa wakienda rasini mwaka hata mwaka, na kuandika katika daftari jina la kila ndege na siku aliyoonekana. Hata wao waliwapiga baadhi ili kuwachunguza, maana ndiyo desturi ya wataalamu wa siku zile.

Onyo halikuwa mbali. Njiwa-wasafiri, ambao makundi yao yaliwahi kulifunika jua katika nchi zile, waliwindwa hata wakakoma. Wa mwisho alikufa tunduni mjini Cincinnati mwaka 1914. Mwaka uliofuata Percy Taverner, mmoja wa wanachama wale, aliyeanza maisha kwa kuchora ramani za nyumba, alishauri rasi ilindwe. Mwaka 1918 ikawa hifadhi ya taifa.

Hata hivyo, uwindaji wa bata uliendelea kuruhusiwa humo mpaka mwaka 1989. Siku hizi watu kwa maelfu huja kila masika, nao huchukua darubini tu.

Basi, tusilidharau daftari. Watu wale hawakuwa na mamlaka yo yote juu ya rasi. Walikuwa na maandishi ya miaka kumi. Siku ya kunena ilipofika, walikuwa na la kusema.