Injini Kubwa Kwenye Gari ya Zamani? Kwanza Sikiza Hadithi ya Volvo ya Joginder

Kabla mtu hajauliza: Samburu yetu si ile ya Maralal. Ni hii ya Kwale, kwenye barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, ukishapita Mariakani na hujafika Taru. Huku malori hayalali, jua halina huruma, na kila kijana mwenye gari ana ndoto moja: kuyapita hayo malori bila kushika roho mkononi.

Juzi saa tano usiku binamu yangu akanitumia picha ya injini. Chini ameandika, "Bro, nimeipata." Ana Toyota 110 ya cc 1500, ile alorithi kwa marehemu babake. Anataka kung'oa injini ya kawaida aweke 4A-GE ya valvu 20, ile ya kifuniko cheusi. Toyota walisema inatoa kama nguvu za farasi 165, na yake ya sasa ni kama 100. Pesa ameweka miaka miwili. Mke wake ni mjamzito, na hiyo gari ndo itawapeleka hospitali siku ikifika.

Nikamwambia nipe siku mbili nikujibu. Hili hapa jibu, na linaanzia mbali kidogo.

Turudi 1965. Safari Rally ilikuwa na miaka kumi na mbili tu. Ilianza 1953 ikiitwa Coronation Safari, kusherehekea Malkia Elizabeth kuvikwa taji. Kufikia miaka ya sitini ilikuwa imeshapata jina la ukatili duniani. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Saba! Hapo shida ilikuwa kufika kwanza, mambo ya kasi baadaye.

Sasa 1965 anatokea Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi kabla ya kuwa dereva, akiwa na ndugu yake Jaswant. Gari lao ni Volvo PV544. Na si mpya: kampuni ilikuwa imelitumia kwenye Safari ya mwaka uliotangulia, wao wakalichukua likiwa mtumba. Hata umbo lake lilikuwa la kizee. Bodi ile asili yake ni PV444, gari ambalo Volvo walilionyesha watu 1944, wakati vita vya dunia bado vinaendelea. Mgongo wa mviringo, macho ya duara, ukiliona leo utadhani ni gari la babu wa babu yako. Na likashinda.

Najua binamu yangu akifika hapa ataruka: "Si umeona! Gari ya zamani, injini kubwa, ushindi!" Na kweli, ndani ya ile bodi ya kizee kulikuwa na injini kubwa. PV444 ya kwanza ilikuwa na injini ya lita 1.4, nguvu za farasi 40 hivi. Kuanzia 1961 Volvo wakaweka injini mpya, B18, ya lita 1.8. Ya kawaida ilitoa 75, ya spoti 90. Yaani bodi ni ileile, nguvu imeongezeka zaidi ya mara mbili. Ukitaka mfano wa kubadilisha injini kukafaulu, ndo huo.

Lakini angalia walivyofanya. Injini yenyewe ilisukwa upya iwe ngumu: beringi kuu tano zinashika kranki, ya kabla yake ilikuwa na tatu. Giaboksi wakaleta mpya. Umeme wa gari wakautoa volti 6 wakaupeleka volti 12. Nguvu zilipopanda, vilivyozibeba navyo vikapandishwa. Kisha Joginder, ambaye mikono yake ilijua spana kabla ya usukani, akaitengeneza ile mtumba mwenyewe kabla ya kuipeleka vumbini.

Na kuna upande wa pili wa historia. Songa mbele hadi 1974. Porsche wanaleta 911 Carrera, injini ya lita 2.7, na usukani umeshikwa na Björn Waldegård kutoka Uswidi, dereva hatari kabisa. Joginder huyohuyo ana Mitsubishi Lancer ya lita 1.6. Karatasini hayo si mashindano. Matokeo: Lancer ya kwanza, Porsche ya pili. Miaka miwili baadaye akarudia, tena na Lancer. Ile barabara haikuwahi kuuliza mtu ana cc ngapi. Iliuliza nini kitavunjika kwanza.

Hata hapa kwetu Samburu somo hili limewahi kupita mbele ya macho ya wazee. Katikati ya miaka ya hamsini reli ya Mombasa–Nairobi ilipata vichwa vya treni 34 vya aina ya Garratt, daraja la 59, vilivyoundwa Manchester. Kila kimoja kina uzito wa tani kama 250, vimepewa majina ya milima. Hakukuwa na treni ya mvuke ya reli ya mita moja yenye nguvu kuliko hizo duniani. Lakini nguvu hizo zilikuja na uzito, na njia nyingi za matawi hazingeweza kuubeba. Zikabaki kwenye njia kuu. Mnyama ni mkubwa, sawa, lakini anakwenda pale tu ambapo reli inamstahimili.

Sasa turudi kwa Toyota ya binamu.

Kizuri ni kwamba 4A-GE ni ukoo mmoja na injini aliyonayo, kwa hivyo kuingia itaingia. Na hata Toyota wenyewe waliiweka kwenye Levin AE111, ambayo ni ndugu wa hiyo 110. Lakini walipoiweka, walibadilisha breki za mbele zikawa kubwa, na baadaye wakaipa giaboksi ya gia sita. Ni yaleyale ya Volvo, miaka thelathini na kitu baadaye. Mwenye kiwanda, mwenye mahesabu yote, hakuthubutu kuongeza injini peke yake. Mimi na wewe ni kina nani?

Hesabu ni hii. Kazi ya breki haipandi sambamba na mwendo, inapanda kwa mraba wake. Ukitoka 80 ukaenda 120, mwendo umeongezeka mara moja na nusu, lakini joto ambalo breki inapaswa kulimeza ni mara mbili na robo. Weka hiyo kwenye mteremko wa Mazeras, lori mbele, lori nyuma, breki ni zilezile za gari la cc 1500 lenye miaka zaidi ya ishirini. Mi sitaki kuwa kwenye kiti cha nyuma.

Halafu bei. Ile aliyotajiwa ni ya injini tu. Hajapigiwa waya na kompyuta yake, rejeta ya kustahimili jua la Taru, klachi, breki, tairi, na fundi wa kuunganisha vyote. Na namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku. Ukibadilisha, NTSA wajue, bima wajue. Usipowaambia, siku ya ajali bima inaweza kukuruka.

Kwa hivyo je, inafaa? Jibu langu: ndio, kama una pesa ya gari zima. Au kama injini yako imekufa na ungenunua nyingine hata hivyo. Kama una pesa ya injini peke yake, hapana. Utakuwa umenunua nusu ya Volvo ya Joginder, tena ile nusu isiyojua kusimama.

Nilimtumia binamu haya yote. Akakaa kimya siku nzima, nikajua amenuna. Jana usiku akatuma picha nyingine: diski za breki, shokomzoba nne na rejeta mpya. Chini ameandika, "Naanza na hizi. Injini ingoje mtoto azaliwe."

Nyinyi je? Mngeanza na nini? Tuambiane hapo chini.