Pole Pole, ao namna watu wa Kahuzi walianza kulinda msitu wao

Mbele ya kusema habari ya Pole Pole Foundation, inafaa tuseme kwanza habari ya msitu wenyewe. Parki ya Kahuzi-Biega ilifunguliwa mwaka 1970, Mbelgiji Adrien Deschryver akiwa mbele ya kazi hiyo. Mu 1975 ikapanuliwa mpaka kilometa mraba 6.000. Batwa waliokuwa wakiishi mule walifukuzwa, na mashamba ya kuwalipa hawakupewa. Hapo vitabu vya parki vinapitaka mbio mbio, sisi tunaona ndipo habari inaanzia. Kuni, asali, nyama, dawa: vitu ambavyo babu alikuwa anatafuta bila kuuliza mutu, mujukuu wake akivikamata anaitwa mwizi.

Mwaka 1992, John Kahekwa, mutoto wa kwetu aliyekuwa akiongoza watalii kwa gorila, alianzisha Pole Pole. Feza za kwanza hazikutoka Ulaya kwa serikali fulani. Zilitoka kwa matabishi ya watalii na kwa tishati alizouzisha. Mwaka uliofuata, Maheshe, gorila dume aliyejulikana sana, akauawa. Kahekwa akaenda kuongea na wawindaji wenyewe, na jibu lao lilikuwa fupi: njaa. Basi wakafundishwa kuchonga gorila wa miti kwa kuuzisha, wake zao wakafundishwa kushona, pepinieri za miti ya kuni zikapandwa kando ya parki, na masomo yakafunguliwa ambamo watoto wanajifunza juu ya msitu pamoja na hesabu.

Vita ya 1996 iliharibu mengi; mu 1997 UNESCO iliandika parki katika urizi wa dunia ulio katika hatari. Pole Pole haikufa. Mu 2016 Kahekwa alipewa zawadi ya Tusk, na mu 2021 shirika likafika kati ya waliochaguliwa mwisho kwa zawadi ya Earthshot.

Tunasifu, lakini pepinieri haiwezi kuchukua nafasi ya udongo. Mu 2018 Batwa wamoja walirudia msituni kwa nguvu, na damu ikamwangika. Mu 2024 Komisyo ya Afrika ya Haki za Binadamu ikatangaza kama serikali iliwavunjia haki, na kama inapashwa kuwarudishia udongo wao. Wazee waliozaliwa mule ndani, wanaojua kila muti kwa jina lake, wamebaki wachache. Watoto wa masomo yale bado wanaweza kuwauliza.