Semei Kakungulu: Kutoka Baraza la Busoga hadi Sabato ya Mbale

Ukitoka hapa Lumumba, Bunia, ukavuka Ziwa Albert na kuendelea hadi mashariki mwa Uganda, unafika nchi alikotawala jemadari Mganda Semei Kakungulu. Kuanzia 1906 hadi 1913 aliongoza Lukiiko ya Busoga, baraza lililosikiliza pia mashauri ya wenyeji. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akaanzisha karibu na Mbale jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya. Hoja yetu ni kwamba imani yake ilifuata mwenendo wa mwamuzi: kuisoma sheria kwa makini, kisha kuitii hata inapomgharimu.

Wapo wanaosema alisukumwa na kinyongo tu, kwa kuwa Waingereza walimnyima ufalme aliouona kuwa haki yake baada ya kuwapigania. Kinyongo kilikuwepo, na ni haki kukitaja. Huenda ndicho kilichomwingiza mwaka 1913 katika dhehebu la Wamalaki, lililokataa dawa za hospitali na kuisumbua serikali. Lakini hakielezi kwa nini aliwaacha hata hao. Walipomwambia kuwa tohara ni jambo la Wayahudi, alijibu kwamba basi naye ni Myahudi. Mwenye kutafuta kisasi angebaki na umati. Kakungulu alishika andiko, akabaki na wachache, na mwaka 1922 akawatungia kitabu cha kanuni na sala. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Baadaye Rais Idi Amin aliwapiga marufuku Abayudaya kuabudu, lakini hadi leo wanaishika Sabato huko Mbale.