Gitaa la besi: Nunua kasha la spika kwanza, valvu baadaye

WAPIGAJI wengi wa gitaa la besi wanapopata fedha za kununulia vyombo, jambo la kwanza wanaloulizia dukani ni amplifaya yenye valvu. Wamesikia kwamba valvu huipa besi sauti nzito, tamu na yenye ladha ya kale, na kwa hilo hawakudanganywa. Kosa lao huwa katika mpangilio. Fedha zikishaishia kwenye valvu, besi hulazimika kupitia kasha dogo la spika lisilo na uwezo wa kuitoa, na kikundi au kwaya iliyochanga mwaka mzima hubaki na chombo cha fahari ambacho hakuna anayekisikia ngoma zinapoanza.

Makala haya yanaeleza kazi ya valvu, kazi ya kasha, na jinsi ya kuvilinganisha viwili hivyo kabla ya kutoa hata shilingi moja mfukoni.

Valvu zilivyopata sifa

Gitaa la besi la umeme lilipata umaarufu kuanzia mwaka 1951, wakati Leo Fender wa California, Marekani, alipolitoa lile linaloitwa Precision Bass. Mwaka uliofuata, kampuni yake ilitoa amplifaya ya Bassman kwa ajili ya gitaa hilo. Mwaka 1960 kampuni ya Ampeg ilitoa B-15, amplifaya ya takriban wati 25 na spika moja ya inchi 15, ambayo ilienea sana katika studio za Marekani. Kisha mwaka 1969 kampuni hiyo hiyo ikatoa SVT, mtambo wa wati 300 wenye valvu 14, uliotumiwa na Rolling Stones katika ziara yao ya Marekani mwaka huo.

Ifahamike kuwa siku hizo valvu hazikuchaguliwa kwa sababu ya ladha. Transista ilivumbuliwa mwaka 1947, lakini ilichukua miaka mingi kabla ya kuaminika katika amplifaya zenye nguvu. Wahandisi walitumia valvu kwa kuwa ndizo zilizokuwepo. Sikio la wasikilizaji likazoea sauti hiyo kupitia santuri, na hadi leo ndiyo wengi wanayoiita sauti halisi ya besi.

Amplifaya ina sehemu mbili

Kila amplifaya hufanya kazi mbili. Sehemu ya kwanza, priampu, hupokea ishara dhaifu kutoka kwenye gitaa, huikuza kiasi na kuirekebisha kwa vitufe vya sauti za chini, za kati na za juu. Sehemu ya pili, amplifaya ya nguvu, huichukua ishara hiyo na kuipa msuli wa kuisukuma spika.

Kwa hivyo, msemo "amplifaya ya valvu" waweza kumaanisha vitu viwili tofauti. Kuna mitambo ambayo sehemu zote mbili ni za valvu, mfano wake ukiwa SVT. Sauti yake ni ya kupigiwa mfano, lakini kichwa chake pekee kina uzito wa zaidi ya kilo 35, na valvu zake za nguvu huchakaa na kuhitaji kubadilishwa. Kuna pia mitambo yenye priampu ya valvu na amplifaya ya nguvu ya transista. Hii ni mepesi, nafuu na haisumbui sana, na kwa vikundi vingi ndiyo chaguo la busara.

Valvu inayotumika zaidi katika priampu ni 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83. Ni kichupa cha kioo kisichozidi kidole cha gumba kwa ukubwa. Ishara inapoongezeka nguvu, valvu haiikati kwa ghafla, bali huibana polepole na kuiongezea sauti ndogo za juu zinazoandamana na noti yenyewe. Sauti hizo ndizo zinazoifanya besi isikike nene hata kwenye redio ndogo isiyoweza kutoa mtetemo wa chini kabisa.

Hata hivyo, si kila kichupa kinachong'aa nyuma ya kioo hufanya kazi hiyo kikamilifu. Katika saketi za jadi, 12AX7 hulishwa umeme wa volti 200 hadi 300. Baadhi ya priampu za bei nafuu huilisha volti chache mno, na taa ndogo huwekwa nyuma yake ili ipendeze macho. Sauti yake yaweza kupendeza kwa namna yake, lakini mnunuzi anafaa kuuliza volti ni ngapi badala ya kushawishiwa na mng'ao.

Jambo la pili la kuuliza ni mpangilio wa vitufe. Priampu zilizofuata mtindo wa Fender hupunguza sauti za kati hata vitufe vyote vikiwa katikati. Sauti hiyo huvutia mtu anapopiga peke yake nyumbani, lakini hutoweka jukwaani, kwa maana sauti za kati ndizo zinazowezesha noti kutofautishwa na ngoma. Priampu za mtindo wa SVT humruhusu mpigaji kuchagua eneo la kati la kuongeza au kupunguza: mitetemo 220, 800 au 3,000 kwa sekunde. Anayepiga benga, ambako besi huenda kasi na hutakiwa kusikika noti kwa noti, atauthamini sana uwezo huo.

Kasha ndilo linaloamua

Uzi mnene zaidi wa gitaa la besi la nyuzi nne hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Uzi wa tano, kwa magitaa yenye nyuzi tano, hutetema takriban mara 31. Wimbi la sauti ya mitetemo 41 lina urefu wa zaidi ya mita nane. Kulitoa wimbi la namna hiyo kunahitaji kusukuma hewa nyingi, na hakuna priampu, hata iwe ya bei gani, inayoweza kuifanya spika ndogo isukume hewa isiyo na uwezo nayo.

Wahandisi wa spika wana kanuni isiyokwepeka: kasha dogo, sauti ya chini sana, na sauti kubwa kwa wati chache. Mnunuzi ana nafasi ya kuchagua mawili kati ya hayo matatu. Anayeahidiwa yote matatu na afunge mkoba wake.

Makasha yamegawika katika aina mbili kuu. La kwanza ni lililozibwa pande zote. Sauti yake hupungua taratibu kadiri noti zinavyoshuka, na noti hukatika haraka, haziburutani. La pili lina tundu lililopimwa ili hewa inayotoka iongeze nguvu ya sauti za chini. Mahesabu ya makasha hayo yalifafanuliwa na Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na yakaendelezwa na Richard Small katika miaka ya sabini. Kasha la tundu lililotengenezwa kwa mahesabu hayo huimba vyema. Lililokatwa na fundi kwa kukisia huvuma noti moja na kuzimeza nyingine.

Wengi hushangaa kusikia kwamba kasha maarufu la SVT, lenye spika nane za inchi 10 na ambalo wapigaji hulitania kwa kuliita jokofu, huanza kupungua nguvu chini ya mitetemo 58 hivi. Kwa maneno mengine, uzi wa chini kabisa haulitoki kikamilifu. Nguvu zake ziko juu kidogo ya hapo, na ndiyo sababu husikika wazi katikati ya magitaa na ngoma. Ni funzo kwamba besi nzuri si ile inayotikisa madirisha, bali ile ambayo noti zake zinatambulika.

Aidha, ukubwa wa spika moja usikudanganye. Spika ya inchi 15 haimaanishi lazima sauti ya chini zaidi kuliko spika za inchi 10. Eneo la jumla la spika, umbali zinaoweza kusogea na ujazo wa kasha ndivyo vinavyoamua.

Wati na omu

Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa kiasi. Ili sauti isikike kubwa maradufu, wati zinapaswa kuongezwa takriban mara kumi. Kwa upande mwingine, kasha lenye wepesi wa desibeli 100 likilinganishwa na la desibeli 97 hukupa faida sawa na kununua amplifaya yenye wati mara mbili. Tarakimu hiyo huchapishwa katika maelezo ya kasha, nayo ni muhimu kuliko wati zilizoandikwa mbele kwa herufi kubwa.

Ukinzani wa spika hupimwa kwa omu. Makasha mawili ya omu 8 yakiunganishwa kwa njia ya kawaida hufanya omu 4. Mawili ya omu 4 hufanya omu 2. Amplifaya ya transista iliyoandikwa kuwa kikomo chake ni omu 4 haifai kabisa kuunganishwa na omu 2, kwani huweza kuungua. Amplifaya ya nguvu ya valvu nayo haifai kuwashwa bila spika, maana transfoma yake huweza kuharibika.

Iwapo utahitaji makasha mawili, nunua yanayofanana. Kasha la spika moja ya inchi 15 likiunganishwa na lenye spika nne za inchi 10, yote yakiwa ya omu 8, umeme hugawika sawa kwa sawa. Spika ile moja hubebeshwa mzigo unaobebwa na nne upande wa pili, na ndiyo itakayopasuka kwanza. Pia, tumia waya wa spika kutoka amplifaya hadi kwenye kasha. Waya wa gitaa haukuundwa kubeba mkondo huo.

Tahadhari ya umeme

Mitambo mingi iliyotumika huletwa kutoka Marekani, ambako umeme ni wa volti 120. Wa Kenya ni wa volti 240. Baadhi ya mitambo ya kisasa hukubali zote mbili, lakini amplifaya nyingi za valvu zenye transfoma nzito hazikubali. Soma kibandiko kilicho nyuma kabla ya kuchomeka plagi. Kosa la sekunde moja huteketeza chombo kizima.

Vilevile, usiifungue amplifaya ya valvu mwenyewe. Kapasita zake huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Kazi hiyo mwachie fundi anayeifahamu. Na waya wa ardhini usikatwe kamwe kwa kisingizio cha kuondoa mvumo.

Utaratibu wa kununua

Mwenye fedha kidogo aanze na kasha bora lenye wepesi mkubwa, kisha amplifaya ya kawaida ya transista yenye wati za kutosha. Priampu ya valvu yaweza kuongezwa mwaka unaofuata, na itakapofika itapata kasha la kuionyesha. Priampu hiyo iwe na tundu la kutoa ishara moja kwa moja hadi kwenye mixa, ili ladha yake iwafikie wasikilizaji hata katika ukumbi mkubwa.

Siku ya kwenda dukani, beba gitaa lako mwenyewe. Weka vitufe vyote katikati, piga uzi wa chini kabisa kwa sauti ya jukwaani, kisha mwombe mwenzako apige nawe uende usimame mbali. Anayesimama karibu na kasha lililo sakafuni hupigiwa sauti za juu magotini, zisimfikie masikioni. Naye huziongeza bila kujua kwamba anawaudhi walioketi mbele. Kasha likiinuliwa kidogo, tatizo hilo hupungua bila gharama.

Valvu ni kiungo, na kiungo kizuri huubadilisha mlo. Lakini hakuna aliyewahi kushibishwa na bizari pasipo wali.