Khan el-Khalili na Mwanafunzi Mgeni

Tangu Kairo ilipopata chuo cha kuwavuta watafutao elimu na soko la kuwavuta watafutao mali, imekuwapo ada, isiyoamriwa na hakimu wala kuandikwa katika sheria, ya kwamba mwanafunzi aliyetoka nchi ya mbali ndiye ampokeaye sahibu yake ajapo kutoka nyumbani, akamzungusha katika misikiti na makaburi ya watu wema, kisha akamwingiza sokoni na kumwombea bei kwa lugha ambayo mgeni haijui, au aijua ya vitabuni tu. Mwanafunzi huyo naye ni mgeni. Chumba alalacho si chake, na chakula alichokula zamani aghalabu kilitoka katika wakfu wa mtu aliyekwisha kufa. Walakini kwa siku zile chache yeye ndiye mwenyeji. Mwenye kuichungua taarikhi ya soko la Khan el-Khalili ataona kwamba ada hiyo haikuzuka hivi hivi, kwani soko lenyewe, na mji uliolizunguka, vilijengwa na wageni na kutajirishwa na wageni.

Mwaka 969 jemadari Jawhar, ambaye asili yake ni Sisilia na ambaye aliwahi kuwa mtumwa kabla ya kupewa majeshi, aliingia Misri kutoka Maghribi kwa amri ya Khalifa wa Kifatimi, al-Mu'izz, akaupima mji mpya, ndio Kairo, kaskazini ya Fustat, mji wa zamani. Mwaka wa pili yake ulianza kujengwa msikiti wa Al-Azhar, ukamalizika mwaka 972. Na baadaye majumba mawili ya ukhalifa yakawa yanatazamana, katikati pana uwanja ulioitwa Bayn al-Qasrayn, ukikatwa na njia kuu itokayo lango la Futuh mpaka lango la Zuweila. Zamani hizo raia hawakuwa na makazi humo, kwa kuwa mji ulikuwa wa khalifa na askari na watumishi wake, na biashara kubwa ilibaki Fustat. Dola ya Kifatimi ilipoondolewa na Salahuddin mwaka 1171 ndipo kuta zilipowafungukia watu wote, na ardhi ya majumba ikageuka madrasa, hospitali na maduka. Hata Al-Azhar, ambayo sala ya Ijumaa ilikuwa imekatizwa ndani yake, ikarudishiwa sala hiyo mwaka 1266, zama za Sultani Baybars.

Amma khan yenyewe ilikuja karne moja baadaye. Khan ni jengo kubwa lenye ua katikati, chini pana maghala na mabanda ya wanyama, juu pana vyumba vya wasafiri, na lango lake hufungwa usiku ili mali ya watu isalimike. Amiri Jaharkas al-Khalili, mkuu wa mazizi ya farasi wa Sultani Barquq, mtu aliyesimamia pia ujenzi wa madrasa ya bwana wake iliyotimia mwaka 1386, alipatamani mahali palipokuwa makaburi ya makhalifa wa Kifatimi, yaliyojulikana kwa jina la Zaafarani, akayavunja. Al-Maqrizi, mwandishi wa taarikhi aliyekuwa kijana katika siku hizo, asimulia kwamba mifupa ilipakiwa juu ya punda ikaenda kutupwa katika vilima vya taka mashariki ya mji. Na kwamba amiri huyo alipouawa vitani karibu na Damascus mwaka 1389, maiti yake iliachwa uchi bila ya kuzikwa, jambo ambalo mwandishi yule aliliona kuwa ni malipo ya Mwenyezi Mungu. Hata hivyo, mkono uliotupa mifupa ndio uliotoa sadaka: kodi ya khan iliwekwa wakfu kwa kununulia mkate wa kugawiwa mafakiri wa Makka. Hivyo tajiri aliyelala Kairo na bidhaa zake alimlisha, bila ya kujua, maskini asiyepata kumwona maishani.

Majengo tuyaonayo leo si yale ya Jaharkas. Mwaka 1511 Sultani Qansuh al-Ghuri aliibomoa khan ya kwanza akajenga upya, na malango makubwa ya mawe yaliyochongwa, ambayo wapiga picha hawachoki kuyaelekea, ni kazi ya zama zake. Sultani huyo hakuifaidi sana, maana alifariki katika vita vya Marj Dabiq mwaka 1516, na mwaka uliofuata Waturuki wakaitwaa Misri. Lakini kwa kuwa biashara haina kabila, Waturuki wakawa ndio wengi miongoni mwa wenye maduka.

Mwaka ule ule wa 1511 lilitukia jambo jingine, ambalo kila mgeni huketi juu ya matunda yake bila ya kulifikiri. Wanafunzi wa Kiyemeni waliokaa katika riwaki yao, yaani bweni lao, ya Al-Azhar walikuwa wameleta kutoka kwao kinywaji cheusi cha kuwasaidia kukesha katika dhikiri, wakinyweshana kwa kupokezana usiku wa Jumatatu na wa Ijumaa. Huko Makka, iliyokuwa chini ya Sultani wa Misri, muhtasibu, yaani msimamizi wa masoko, Khair Beg aliwakusanya maulama akaipiga marufuku kahawa; habari zilipofika Kairo, jibu la Sultani lilikemea mikusanyiko michafu, bali kinywaji chenyewe halikukiharimisha. Kahawa ikatoka riwakini ikaingia sokoni, na vibaraza vya kahawa vikaenea, hata mkahawa wa el-Fishawy, ulio maarufu kupita yote ndani ya khan, wenyewe wakihesabu umri wake kuwa umepita miaka mia mbili. Basi desturi ambayo leo yadhaniwa kuwa ni ya Kairo hasa ililetwa na vijana waliokuja kusoma.

Riwaki hizo zilikuwa ndizo nyumba za ugenini. Kila taifa lilikuwa na yake: Wamaghribi, Washami, Waturuki, Wayemeni, na Wajabarti wa pande za Pembe ya Afrika, ambao kwao alitoka mwandishi mashuhuri Abdulrahman al-Jabarti. Mwanafunzi alipata humo mahali pa kulala, sanduku la vitabu na posho ya mikate. Na msafiri wa taifa lake, awe haji au mfanyabiashara, alijua kwamba akifika mlangoni pa riwaki ataisikia lugha ya mama yake, na atapata kijana wa kumfuata sokoni asije akapunjwa.

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walifungamana na mji huo kwa kamba mbili. Ya kwanza ni madhehebu, maana Imamu Shafii, ambaye wao humfuata, alifariki Misri mwaka 820, na kuba iliyojengwa juu ya kaburi lake mwaka 1211 ingaliko. Mgeni wa Lamu au Unguja atembezwaye Kairo aghalabu hupelekwa huko kusoma Fatiha. Ya pili ni vitabu. Vitabu vya fikihi na nahau vilivyopigwa chapa Kairo, hususan katika matbaa ya al-Babi al-Halabi, vilikuwa juu ya marufaa ya madarasa yetu. Na jarida la al-Manar, aliloanzisha Rashid Rida mwaka 1898, lilisomwa Mombasa na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye kwa athari yake alitoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932. Kwa hiyo maduka ya vitabu yaliyo nyuma ya Al-Azhar yalijulikana pwani kwa majina kabla hayajaonwa kwa macho.

Katika miaka ya 1950, Misri ilipojitwika kuzitetea nchi zilizotawaliwa na kuanza mwaka 1954 kutangaza redioni kwa Kiswahili, vijana wetu, wa Unguja hasa, wakaenda huko kwa wingi kuliko zamani; na sheria ya mwaka 1961 ilipoongeza katika Al-Azhar masomo ya udaktari, uhandisi na mengineyo, si wote tena waliosoma dini. Ila njia ya kumtembeza mgeni haikubadilika, kwa kuwa ilikwisha chorwa na mji wenyewe: huanzia msikiti wa Sayyidna Hussein, huvuka hata Al-Azhar, hurudi khan, hupita kwa masonara na wafua shaba, na kuishia mbele ya madrasa na hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa miaka ya 1284 na 1285. Katika mwendo huo ziara na ununuzi haviachani, maana waliojenga misikiti ndio waliojenga maduka, ili kodi ya duka ikarabati msikiti, na msikiti ulete wateja.

Kabla ya hayo, Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, walikuja wageni wa namna nyingine, wenye pesa nyingi na siku chache, na mafundi wakaanza kufua sinia na taa za mtindo wa Kimamluki kwa kuwauzia hao. Tangu hapo soko likawa na bei mbili, na mwanafunzi akawa na kazi mpya, nayo ni kumtoa sahibu yake katika bei ya mtalii na kumtia katika bei ya mtu wa nyumbani. Kazi hiyo haifanywi kwa maneno makali. Husalimu, huulizia watoto, hukubali kikombe cha chai, hutaja kwao na chuo chake, ndipo muuzaji, ambaye ameona wanafunzi wa kila taifa wakija na kuondoka, akapunguza kwa heshima ya elimu. Na akikataa, wawili hao huaga taratibu, wakiitwa warudi kabla hawajafika mbali.

Watu huandika juu ya masoko ya namna hii kana kwamba mwenye nayo ni muuzaji na mpitaji ni mtalii, na kati yao hamna mtu. Taarikhi ya Khan el-Khalili yashuhudia kinyume: kati yao siku zote alikuwapo wa tatu, asiye wa mji wala asiye mgeni kamili, aliyeleta kahawa, aliyebeba vitabu, aliyefasiri bei. Mji uliomwekea kijana huyo wakfu wa mikate ulidhani unamfadhili kwa ajili ya akhera. Kumbe ulikuwa unajinunulia, kwa bei ndogo mno, wakili katika kila bandari ya ulimwengu wa Kiislamu.