Mnyororo, sindano na neno: Historia ya kumtuliza mgonjwa wa akili

Mtu anaporukwa na akili mtaani, wengi wetu hukimbilia kamba. Wanaume watano humvamia, humfunga kwanza, kisha ndipo huulizana ana nini. Ukiwauliza, watakwambia, “Sasa tungefanyaje, na hatuna dawa?” Historia inaikataa hoja hiyo.

Mwishoni mwa karne ya 18, wagonjwa wakali katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, walifungwa minyororo. Msimamizi wao, Jean-Baptiste Pussin, hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa ngozi aliyewahi kulazwa humo kwa maradhi mengine. Aliwakataza wahudumu kuwapiga wagonjwa na mnamo 1797 akawafungua minyororo. Sifa zilimwendea daktari Philippe Pinel, ingawa mwenyewe alikiri kuwa Pussin alimfunza mengi. Hata hivyo, Pussin alibakisha vazi la kumfunga mgonjwa mikono. Mnamo 1839, John Conolly wa hospitali ya Hanwell, Uingereza, aliliondoa hilo pia.

Je, dawa ilikuwa wapi? Klopromazini, dawa ya kwanza iliyotuliza kwa hakika saikosisi, yaani hali ya mgonjwa kusikia sauti zisizokuwapo na kuamini yasiyo kweli, ilianza kutumika hospitalini Paris mnamo 1952. Hiyo ni miaka 155 baada ya Bicêtre! Chombo kikuu cha Pussin na wenzake kilikuwa uangalizi wa karibu na neno la upole.

Nasi tumelifanyia nini neno? Hospitali ya Bethlem ya London iliwapa Waingereza neno “bedlam”, yaani ghasia tupu. Hapa kwetu, makao ya wagonjwa wa akili yalifunguliwa Nairobi mnamo 1910, palipokuwa pakitengwa wagonjwa wa ndui, kisha yakaitwa Mathari mnamo 1924. Leo mtoto akikosea kidogo tu anaambiwa, “Wewe ni wa Mathare!” Jina la mahali pa tiba limegeuka tusi. Basi familia gani itakimbilia huko mapema, kabla mambo hayajaharibika?

Lugha ni sehemu ya tiba. Wauguzi waliofunzwa hujua kwamba anayefoka mara nyingi ana hofu. Mmoja huzungumza, wengine hunyamaza. Sentensi huwa fupi, sauti huwa ya chini. Hawabishani naye kuhusu anayoyasikia, wala hawamzibii mlango. Sindano hufuata ikibidi, na kumshika huwa hatua ya mwisho, kwa muda mfupi, chini ya uangalizi.

Mwite kwa jina lake, si “kichaa”. Mwambie, “Ndugu, tuko nawe, hakuna atakayekupiga.” Kisha mpelekeni hospitalini. Kamba haijawahi kumponya mtu.