Kalasi ya mwisho ya Bwana Hamel

Wengi wetu tulikutana na Bwana Hamel tungali wadogo, katika buku la kusomea Kifaransa. Ni yule mwalimu mzee wa kijiji cha Alsace, katika hadithi fupi ambayo Alphonse Daudet aliitoa katika gazeti mwaka 1872, kisha akaiweka katika buku lake la Contes du lundi mwaka 1873. Tumeirudia kwa sababu ya swali moja. Tulipokuwa tukiisoma pamoja na vijana wa seminari ndogo, mmoja aliinua mkono akauliza: «Padri, yule mtoto Franz, nyumbani alisema lugha gani na mama yake?» Tulikuwa tumesoma hadithi ile mara nyingi, nasi hatukuwahi kujiuliza.

Kwanza tukumbushe habari yenyewe. Franz anachelewa shuleni, naye anaogopa, maana hajui somo lake la sarufi. Anapofika anaona kalasi imekaa kimya sawasawa na siku ya Mungu. Mwalimu amevaa koti lake la kijani la siku kuu, na nyuma wameketi wazee wa kijiji. Mmoja wao, Hauser, ameshika buku la alfabeti. Amri imetoka Berlin: tangu kesho shule zitafundisha Kijerumani tu. Hamel, aliyefundisha pale miaka 40, anaungama makosa yake mbele ya wote: mara nyingi aliwatuma watoto kumwagilia bustani yake, na siku alipotaka kuvua samaki aliwapa konji. Saa sita kengele ya Malaika wa Bwana inalia, tarumbeta za askari zinasikika, naye sauti inamkatika. Anageukia ubao, anaandika maneno ya kuitukuza Ufaransa, kisha anawaonyesha kwa mkono kwamba wanaweza kwenda.

Hadithi ni nzuri, wala hatutaki kuipunguzia sifa. Ungamo lile la mwalimu linatuchoma sisi tunaofundisha, na pengine wakatekista nao, maana ni nani kati yetu ambaye hajamtuma mtoto shambani mwake saa ya masomo?

Lakini swali la yule kijana linadai jibu la historia. Ni kweli kwamba Alsace na sehemu ya Lorraine zilitolewa kwa Wajerumani kwa mkataba wa Frankfurt, tarehe 10 Mei 1871. Ni kweli pia kwamba watu wengi walilia. Lakini vijiji vingi vya Alsace vilikuwa vikisema lugha ya Kijerumani cha kwao tangu karne nyingi. Hata wakati wa utawala wa Ufaransa, mapadri wa huko walifundisha katekismu kwa Kijerumani, nao waliitetea desturi hiyo mbele ya wakubwa wa shule, wakisema kwamba mtoto husali katika lugha ya mama yake. Basi Franz angalimwomba mama yake mkate kwa lugha ile. Kifaransa kilikuwa kwake lugha ya ubao mweusi, na ndiyo sababu sarufi ilimtia hofu.

Kuna jambo jingine la ajabu. Katika hadithi Hamel anafundisha kwamba taifa lililotekwa, likishika lugha yake, limeshika ufunguo wa gereza lake. Wazo hilo Daudet alilichukua kwa rafiki yake Frédéric Mistral, naye mwenyewe alimtaja chini ya ukurasa. Mistral aliandika mashairi yake kwa Kiprovansali, lugha ya kusini mwa Ufaransa, na lugha aliyoitetea ni hiyo, mbele ya nguvu ya Kifaransa! Daudet, mzaliwa wa Nîmes, alilijua jambo hilo vizuri. Na katika shule nyingi za Ufaransa mtoto aliyesema lugha ya kijijini aliadhibiwa. Mara nyingine alipewa kitu cha kumwaibisha, naye alikibeba mpaka amkamate mwenzake.

Kitu hicho tunakijua. Katika shule yetu ya msingi kilikuwa kipande cha ubao chenye kamba, cha kuvaa shingoni. Siku tuliposoma hadithi ya Hamel mara ya kwanza, kilikuwa shingoni mwa mtoto aliyesimama kusoma kwa sauti. Alikuwa amesema Kiswahili uwanjani. Alisoma vizuri, tukahuzunika sana kwa ajili ya Franz.

Watoto wa Alsace hawakupumzika. Mwaka 1918 Ufaransa ilirudi pamoja na Kifaransa chake. Mwaka 1940 Wanazi wakakikataza kabisa. Mwaka 1945 Kijerumani kikaondolewa tena katika shule za watoto. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa huko kabla ya vita ya 1914 aliweza kuona shule ikigeuzwa lugha mara tatu kabla hajazeeka.

Waseminari wetu wanaotoa jasho katika Kilatini watapenda kusikia habari ya Montaigne, aliyezaliwa mwaka 1533. Katika insha yake juu ya malezi ya watoto (1580) anasema kwamba baba yake alimpa mlezi Mjerumani asiyejua Kifaransa, na nyumba nzima, hata watumishi, walisema naye Kilatini tu. Alipopelekwa koleji ya Bordeaux, akiwa na umri wa miaka sita, Kilatini chake kilianza kuharibika. Tuongeze kwamba aliyaona makoleji ya wakati ule kama magereza, kwa sababu ya fimbo na vilio.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Tolstoi wa Urusi. Mwaka 1859 alifungua shule ya watoto wa wakulima kwake Yasnaya Polyana, na mwaka 1862 akaandika insha akiuliza nani ajifunze kuandika kwa nani: watoto kwetu, ama sisi kwa watoto? Alikuwa ameanza hadithi pamoja na vijana wawili, Fedka na Semka, juu ya methali ya kwao. Fedka alimsahihisha bwana mkubwa yule, tena alishika neno dogo kama nguo ya mwanamke ambayo mtu mmoja wa hadithi amejitupia mwilini. Tolstoi alikubali. Tunakiri kwamba sisi tungalimwambia Fedka akae kimya. Shule haikudumu, mwaka ule ule wa 1862 polisi walikuja kupekua nyumba, naye alikuwa safarini.

Tulimrudia yule kijana wetu na jibu: Kijerumani cha Alsace, bila shaka. Akafikiri kidogo, akauliza tena: «Na Bwana Hamel, wale watoto waliposema lugha yao uwanjani, aliwafanyaje?» Hilo Daudet hakuliandika.